Nusu kwa Fundi, Nusu kwa Mnyonge

Wanangu mnaosomea kazi ya chanjo hapa Kismayo, ujumbe wenu nimeupata. Mmeniomba nije niwape nasaha siku mtakayomaliza mafunzo, kabla hamjagawanywa, wa kwenda kisiwani Chula, wa kwenda Kudha na wa kubaki mjini. Bahasha mmeiandika "Mheshimiwa Daktari Shee". Mimi si daktari. Sijawa daktari hata siku moja, wala unesi sikuusomea. Miaka yote niliyokaa Kenya ukimbizini, kazi yangu ilikuwa kulea kima. Niliwalisha kima, niliosha vizimba vya kima, nilipangusa makalio ya vitoto vya kima. Anayetaka kucheka acheke sasa, mimi nitamngoja amalize.

Nyote mnajua kwetu neno hilo ni tusi. Mtu akigombana na jirani, kabla hajafika mbali atamwita kima. Basi nilipopata kazi ile, na nyumbani wakaniuliza kwa simu nafanya nini, ningesema nini? Nilisema nafanya kazi hospitali, wodi ya watoto wachanga, nawanywesha dawa na maziwa. Kunywesha dawa na maziwa ilikuwa kweli. Wodi ilikuwa kweli kidogo, maana wenyewe waliiita chumba cha wachanga. Nilirudi Kismayo nikakuta nimeshakuwa daktari, watu wananiletea watoto wenye homa niwashike paji la uso, nami nawashika.

Kituo nilichofanyia kazi kilikuwa bara, penye baridi ya kukausha midomo, na kilifanya utafiti wa maradhi. Mlezi waliyekuwa naye kabla yangu aliumwa kidole na kima akatoka mbio, hakurudi hata kuchukua viatu. Wakatafuta mtu asiyeogopa. Mimi niliwaambia sijawahi kuogopa mnyama, nikakaa nusu saa mbele ya kizimba huku nikihesabu hatua za kufika mlangoni. Wiki ya kwanza kima mmoja dume alininyang'anya kofia yangu ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, akaivaa, akaigeuza, akaiweka chini akaikojolea. Wenzangu walicheka mpaka wakashika ukuta. Nami nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia kwa sababu kofia ile alinishonea mama.

Aliyenifundisha kazi ni fundi wa maabara, mwanamke wa huko huko bara, Mama Nyambura. Alikuwa mfupi, mkali, na alivaa masweta mawili. Yeye ndiye aliyeandaa dawa za wale wachanga na ndiye aliyepima damu yao. Alinifundisha mambo ambayo yatawafaa na ninyi kwa watoto wa binadamu. Dawa ya maji ishike kiganjani mpaka ipate joto la mwili, ndipo umpe mtoto. Ya baridi ataitema. Usimmiminie katikati ya ulimi, mpe pembeni, ndani ya shavu, kidogo kidogo. Ukimaliza usiondoke, tazama koo. Koo lisipopanda na kushuka, hajameza. Na kwa kima kuna hila zaidi: ndani ya mashavu wana mifuko. Mtoto wa kima anaweza kukutazama machoni kwa adabu zote huku dawa yako nzima ameiweka shavuni, ukigeuka tu anaimwaga sakafuni. Nilidanganywa hivyo siku tatu mfululizo. Mama Nyambura akaja, akambana mtoto shavu kwa vidole viwili, dawa ikaruka ikaniingia jichoni.

"Shee," akasema, "hii kazi si ya kupeana dawa. Ni ya kuhakikisha imemezwa."

Vitoto vile vilikuwa vimeambukizwa kirusi ndugu wa kile cha ukimwi wetu. Msiniulize kama ni halali, hilo nimelala nalo miaka mingi na sijapata jibu. Watafiti walitaka kujua jambo hili: mtoto aliyezaliwa na maradhi haya akichanjwa surua, chanjo inamshika au inapita bure? Na akianzishwa dawa mapema, kabla ya chanjo, mambo yanabadilika? Kwa hiyo wengine walipewa dawa kila siku, wengine hawakupewa, na wote wakachanjwa. Kisha damu yao ikapimwa kuona kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili unajitengenezea ukishachanjwa.

Mimi sikuelewa. Mama Nyambura akanieleza tukinywa chai. "Chanjo ni kumwonyesha mlinzi wa geti picha ya mwizi, ili akimwona amjue. Sasa kirusi hiki kinampiga mlinzi kichwani. Amelala. Utamwonyesha picha asubuhi na jioni, itamsaidia nini? Dawa ndiyo inamwamsha."

"Na akipewa dawa kidogo?"

"Kidogo ni mbaya. Kirusi kinaionja, kinaizoea, kesho ukileta kipimo kamili hakisikii. Usipunguze hata tone, Shee. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nataka muikumbuke hiyo "nimeelewa" yangu, kwa sababu hakuna aliyenificha kitu.

Wachanga waliwekwa wawili wawili, maana kima wa peke yake hujikumbatia na kuacha kula. Katika kizimba cha mwisho, karibu na dirisha, walikaa wawili wa rika moja. Walikuwa na namba, lakini mimi niliwapa majina. Mmoja nilimwita Fundi, kwa kuwa kila komeo alilifungua. Mwenzake nilimwita Mnyonge. Fundi alikuwa wa kupewa dawa. Mnyonge alikuwa wa kutopewa.

Dawa yenyewe ilikuwa chungu, lakini baada yake mtoto alipewa kipande cha ndizi iliyopondwa. Kila asubuhi nilimtoa Fundi, nikampakata, nikamnywesha, nikamlisha ndizi. Na kila asubuhi Mnyonge alikuja kwenye wavu, akapitisha mkono, akaukunjua. Mkono mweusi, mdogo, una mistari kama wa mwanangu. Hakupiga kelele. Alikunjua mkono tu akatazama.

Ninyi ni watoto wa huku, mnajua nilivyolelewa. Nyumbani kwetu Chula, mtoto wa jirani akisimama mlangoni wakati wa kula, tonge la kwanza linakwenda mkononi mwake, kabla mwenye nyumba hajatia lake. Mama alikuwa akisema chakula kilichotazamwa kwa hamu kinamdhuru anayekila. Siku moja nilikula kipande cha samaki mbele ya mtoto wa jirani bila kumpa. Mama alinitoa kile kipande mdomoni kwa kidole chake, akakikata, akampa nusu, akanirudishia nusu. Sikupigwa, lakini aibu niliyoipata siku ile haijanitoka.

Kwa hiyo nilianza na ndizi. Nilimpa Mnyonge ncha ya ndizi, na hilo pengine lisingeleta madhara. Lakini Mnyonge alianza kukonda. Manyoya yalimsimama, kinyesi kikawa maji. Fundi ananawiri, anaruka, anafungua makomeo, na mwenzake amekaa pembeni amekunjua mkono. Asubuhi moja nilivuta dawa kwenye bomba la kunyweshea, nikamnywesha Fundi mpaka katikati, nikasimama. Nilitazama mlangoni. Kisha nikampa Mnyonge iliyobaki. Aliimeza bila kuficha shavuni hata tone, akanilamba kidole.

Kwenye karatasi niliandika kama kawaida: Fundi amepewa kipimo kamili. Nikatia sahihi. Nilifanya hivyo asubuhi ile na kila asubuhi iliyofuata, mpaka walipochanjwa na wiki kadhaa baadaye. Niliona nimefanya jambo la mtu aliyelelewa. Nilikuwa najipongeza hasa! Niliwatazama wenzangu wakiwalisha kima wao kwa namba na kujiambia, hawa hawana huruma, hawakukuzwa na mama yangu.

Majibu ya damu yalipotoka, wakubwa wa kituo walikuja chumbani kwetu na nyuso za msiba. Fundi, aliyetakiwa kuwa mfano mzuri, kirusi kimejaa damuni mwake na chanjo haikumshika. Vizimba vingine vyote mambo yalikwenda kama walivyotarajia: wenye dawa walikuwa na kingamwili za kutosha, wasio na dawa walikuwa nazo chache. Fundi peke yake alikuwa hajulikani yuko upande gani, na Mnyonge naye majibu yake hayakueleweka. Wakauliza nani ameandaa dawa. Mama Nyambura akasema ni yeye. Wakauliza nani amenywesha. Nikasema ni mimi, kipimo kamili, sahihi hii hapa. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo linaniudhi hadi leo.

Baada ya siku mbili Mama Nyambura aliandika barua kwamba huenda alichanganya chupa. Nilidhani mwenyewe ameamini amekosea. Walimwondoa. Alikusanya vikombe vyake na sweta lake la tatu lililokuwa msumarini, akapita chumba cha wachanga kuniaga. Alisema, "Uwatunze, Shee." Mimi nilikuwa naosha sakafu. Nilisema "Haya mama," nikaendelea kuosha mahali ambapo palikwisha takata.

Mnyonge alikufa mwezi ule ule. Fundi walimpa dawa kamili, kwa mkono wa mlezi mwingine, lakini haikumsikia tena, akamfuata mwenzake. Nilikaa kazini miaka mingi baada ya hapo na nikawa mlezi mkuu. Niliwafundisha vijana kubana shavu, kutazama koo. Nilikuwa hodari kweli kweli, na kila nilipokuwa nikisifiwa nilitafuta ndoo ya kubeba.

Hayo nilidhani nitazikwa nayo. Sasa sikilizeni yaliyonipata hapa Kismayo. Nayaandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na jina lake nimelibadilisha.

Nina mtoto wa ndugu yangu, nimwite Mwanaesha, mjane, ana wavulana mapacha, Hassan na Hussein. Mwanaesha ana maradhi yale, na katika ukoo mzima aliyeambiwa ni mimi tu, kwa kuwa mimi ni daktari. Alinywa dawa zake kwa siri. Hassan alipougua alimpeleka kliniki, akapimwa, akakutwa nayo, akapewa dawa ya maji. Hussein wakati ule alikuwa Chula kwa bibi yake. Aliporudishwa naye alikuwa amekonda, na Mwanaesha hakumpeleka kliniki.

Nilikwenda kwake asubuhi moja nikamkuta jikoni amekalia kibao, watoto wawili mbele yake, bomba la dawa mkononi. Akamtia Hassan mpaka katikati. Akasimama. Akampa Hussein iliyobaki.

Nilishika mwimo wa mlango.

"Mwanaesha, hiyo dawa ni ya Hassan."

"Najua, Ami."

"Basi usigawe. Si vizuri. Mpeleke Hussein naye akaandikwe."

"Nikisimama dirisha lile la dawa kliniki na wawili, mui wote utajua. Mchu moya nasema ana kifua. Wawili nitasema nini?"

"Hata mji ukijua, kugawa si vizuri, mwanangu."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Ami, nimpe mchu moya na mwenziwe anatazama? Kwechu ndivyo tulivyolelewa? Wewe ungeweza?"

Pale ndipo ulipokuwa wakati wa kusema, wanangu. Nilisema nitarudi, nina mtu ananingoja sokoni. Sokoni hapakuwa na mtu.

Nilikaa siku nane. Hesabuni: asubuhi nane za nusu kwa Hassan na nusu kwa Hussein, na mimi najua. Nilijiambia nimeshamwonya, amekataa, nifanye nini zaidi? Uongo. Nilijua onyo la daktari limeshindwa, na kinachoweza kumzuia ni kumweleza Fundi na Mnyonge. Na nikimweleza Fundi na Mnyonge, udaktari wangu umekwisha, na mji utapata kichekesho cha mwaka. Niliupima uhai wa watoto wawili na kucheka kwa watu barazani, na kwa siku nane mizani ikakaa sawa. Sijui niwaeleze vipi aibu ya jambo hilo. Ya kwanza nilikosa kwa huruma na ujinga. Hii nilikosa kwa akili zangu timamu.

Siku ya tisa, msikitini baada ya alasiri, nilisikia surua imeingia mtaa wa nyuma, mtoto mmoja amezikwa. Watu wakaniuliza, "Daktari, tufanye nini?" Mapacha wa Mwanaesha walikuwa wamechanjwa, kadi zao zina mihuri. Nilijua mihuri ile haimaanishi kitu kama mlinzi amelala. Nilikwenda kwa Mwanaesha bila kupita nyumbani.

Nilimwambia yote, nimekaa chini kwenye mkeka, nikitazama miguu yangu. Kima, vizimba, mkono uliokunjuliwa, karatasi niliyotia sahihi, Mama Nyambura na sweta lake. Niliposema "nililea kima" alicheka, sauti moja, akaziba mdomo kwa kanga. Niliposema wote wawili walikufa aliacha kuziba mdomo.

"Wote wawili?"

"Wote. Hata yule wa dawa. Mimi nilidhani nampunguzia mmoja nimwokoe wa pili. Niliwaua wote wawili."

Aliinuka. Kisha akavaa buibui, akambeba Hussein, akaniambia nimbebe Hassan. Tulisimama dirisha lile mchana kweupe, mimi na yeye na watoto wawili, na mji ukatazama. Karani akaniuliza mimi ni nani wa watoto na kazi yangu ni nini. Nilisema ni babu yao, na kazi yangu nilikuwa mlezi wa kima. Nyuma yangu mtu akaguna. Karani akaandika "mstaafu".

Hassan ile dawa ya kwanza ilikuwa imeanza kushindwa, wakambadilishia. Hussein akaanzishwa zake. Miezi ilipopita na damu zao zikatulia, walichanjwa upya, na surua iliyozunguka msimu huu imewapita. Nawaambia hivyo mjue kwamba walipona, msije mkadhani niliwaponya mimi. Siku nane zangu bado ziko mwilini mwa Hassan, katika ile dawa ambayo hawezi kuitumia tena maisha yake yote.

Mwanaesha ndiye aliyeniuliza, "Na yule mama, ulimwambia?" Nikasema sikumwambia. Akanikazia macho mpaka nikachukua simu. Mwenzangu mmoja wa zamani alikuwa na namba. Mama Nyambura ni mzee sasa, anafuga kuku. Sauti ni ile ile. Nikajitaja, nikaanza kueleza, maneno yakanigongana kinywani. Akaniacha mpaka nikafika kwenye bomba la dawa, akanikatiza.

"Shee, mimi ndiye niliyepima damu. Mnyonge alikuwa na dawa mwilini. Nilipima mara tatu. Aliyewalisha ni mtu mmoja tu."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Ulikuwa mkimbizi, na karatasi zako zilikuwa zimekwisha muda. Ningesema, wangekurudisha kwenu kwenye risasi. Mimi nilikuwa na shamba la baba la kurudi."

Nililia, wanangu, na mtoto wa ndugu yangu ananitazama. Nilimwomba radhi. Akasema alishanisamehe siku aliyoniaga, nami nikakumbuka nilivyoosha sakafu iliyotakata. Kisha akaniuliza kilichonifanya nipige simu baada ya miaka yote hiyo, nikamweleza habari ya mapacha. Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya chumba cha wachanga.

"Na sasa? Wote wawili wanapewa?"

"Wote wawili, mama. Kila mmoja na chupa yake."

"Kipimo kamili?"

"Kamili."

"Nani anatazama koo?"

Nikamwambia ni mimi. Kila asubuhi nakwenda, nambana Hassan shavu, nambana Hussein shavu, na siondoki mpaka nimeona imeshuka. Siku ya mahafali yenu nitachelewa kwa sababu hiyo.